Begi Lililowahi Kubeba Mbolea

Nyinyi wa Gatitu mmeniuliza sana, kanisani na pale kwenye mizani ya kahawa, na kila aliyeuliza alikuwa tayari na jibu lake. Mmoja alisikia nilifungwa siku tatu. Mwingine alisikia nilipatikana na bomu. Nimeona niandike mara moja, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo naona hadithi inanenepa kila siku, na mimi mwenyewe ndiye ninayeilisha. Shule niliachia darasa la saba. Nikikosea mahali, jueni ni kukosea, si kudanganya.

Jambo moja niseme mapema ili msisome kwa wasiwasi: binti yangu Nyambura alipasuliwa shingo, akaamka vizuri, na sauti yake iko. Imeshuka kidogo tu.

Mnajua Nyambura ni nesi huko Wajir. Msichojua ni jinsi tulivyoachana. Siku alipopata barua ya kazi nilisimama mlangoni nikamwambia huko kuna watu wanaolipua wenzao, na akienda, mimi si babake tena. Alienda. Juzi nilifungua daftari ninaloandikia mvua, nikatafuta siku hiyo. Nimeandika: "Manyunyu asubuhi. N. ameondoka." Basi. Kwa miaka miwili tukawa watu wa salamu: umeamkaje, nimeamka poa, huko kumenyesha, hapana. Mama yake alishatangulia, kwa hivyo hapakuwa na mtu wa kukaa katikati yetu.

Halafu akanipigia. Alikuwa na uvimbe shingoni. Daktari wa upasuaji angefika kwao Ijumaa moja tu, kisha aende zake. Na karibu na ule uvimbe kuna mshipa ambao ukiguswa vibaya mtu anaweza kuamka bila sauti. Aliyasema hayo polepole, kama anayemweleza mgonjwa wake. Nikaona nina mpaka Alhamisi jioni kumwomba msamaha akiwa bado anaweza kunijibu, hata kama jibu lenyewe ni kunifukuza. Neno kama hilo si la simu. Ndege ilikuwa ya Alhamisi asubuhi, na iliyofuata ilikuwa ya Jumamosi.

Gatitu hadi Kerugoya

Jumatano niliamka na ukungu. Mnaujua ule wa Aprili, unaokaa shambani kama mgeni asiyetaka kuaga. Mahindi yalikuwa yamefika magoti, mvua imekaa sawa, na nilijua nikiondoka bila kuweka mbolea nitarudi nikute majani ya manjano. Kwa hivyo niliingia shambani na ndoo ya CAN, ile mbolea ya punje nyeupe, na kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kila shina, kama tunavyofanya sote. Koti langu la safari nilikuwa nimelivaa tayari kwa sababu ya baridi. Nilimaliza mistari yote nikiwa kama ninaota. Nilikuwa nikiyarudia maneno ya kumwambia Nyambura, na kila shina nililisemesha.

Kisha nikanawa kwenye mtungi, maji matupu, nikafuta mikono kwenye koti.

Begi nililochukua ni lile la kitambaa cha buluu lenye zipu. Mwaka uliopita gunia la mbolea lilinipasukia pale stendi, nikamimina iliyobaki ndani ya hilo begi nikaileta nyumbani. Baadaye nililikung'uta. Nililikung'uta vizuri, nakumbuka. Au nadhani nakumbuka.

Jirani aliyekuwa akipeleka miche ya avokado Kerugoya alinibeba kwenye pikapu. Tulipita Karatina, tukapanda Kagumo, Mlima Kenya haukuonekana hata kidogo. Miche ilitikisika nyuma yetu, na kwa kioo nikaona kama shamba zima linatufuata.

Kerugoya nilishukia kwa mama mkwe. Ni mzee sana sasa, anaongea macho yakiwa yamefungwa. Alikuwa amechemsha nduma, akaniwekea nane kwenye kitambaa.

"Unaenda kumwona mtoto," alisema.

"Naenda, mama."

"Umembebea nini?"

"Hizi nduma zako. Na sweta."

"Ati nduma." Alikaza fundo la kitambaa. "Nduma hata mimi nimebeba. Wewe umebeba nini?"

Nikamwambia nimebeba neno. Akasema basi nisilikalie njiani.

Kerugoya hadi Nairobi

Kutoka hapo nilipata lori la nyanya. Nitakuwa wa haki kwa dereva: alikuwa mwangalifu, ila alikuwa muongeaji. Alipojua nafanya kazi ya ulinzi mlangoni mwa supamaketi Nyeri alinicheka hadi Kutus.

"Kwa hivyo wewe ndiye unanipapasa nikienda kununua unga."

"Ni kazi."

"Na hiyo fimbo yako ya kupitisha kwa watu, imewahi shika gaidi?"

"Imewahi shika funguo."

"Funguo," alisema, akapiga usukani kwa furaha. "Magaidi wa funguo."

Sikumwambia kwamba fimbo hiyo ilikaa bila betri mwezi mzima na bado niliipitisha kwa watu. Niliripoti mara mbili, mara ya tatu nikachoka. Nawaambia nyinyi sasa, na mkiona vibaya ni haki yenu. Kuna lingine baya zaidi. Watu wa kwetu niliwapungia mkono waingie, lakini akija mama wa buibui nilimwambia afungue mkoba. Hakuna aliyeniamuru. Mkono ulijifanyia wenyewe.

Sagana mvua ilitukalisha kwa muda wa karibu saa mbili chini ya paa la duka la matairi, tukila ndizi. Nairobi tulifika kukiwa na mwanga bado, nikalala kwa mpwa wangu. Hapo hakuna cha kusimulia, ila sikulala.

Mlango wa ndege

Uwanja wa ndege ulinishangaza kwa usafi. Sakafu inang'aa hadi unaona mtu mwingine anatembea chini yako, miguu yenu ikigusana. Nilivua viatu na mshipi nilipoambiwa. Nilivua hata kofia kabla ya kuambiwa. Mbele yangu alikuwa mama mmoja Msomali, mtu mzima, mwenye fimbo na hina vidoleni. Alisimamishwa mlangoni. Akasimamishwa tena kwenye ule mkanda wa mizigo. Mimi nilipita kote bila neno, na nisiwafiche, nilijisikia vizuri. Niliona wanajua kuchagua.

Baada ya mkanda kulikuwa na dada mmoja wa usalama na mashine ndogo mezani. Alikuwa na kipande cha kitambaa kwenye kijiti. Alimpangusa yule mama viganja na mkoba, akakiingiza kitambaa kwenye mashine, taa ikawa ya kijani. Kisha akaniita mimi. Alinieleza baadaye kwamba huwa wanachukua watu kwa hesabu, si kwa sura. Sina sababu ya kutomwamini.

Alipangusa viganja vyangu, mikono ya koti, zipu ya begi. Aliingiza kitambaa.

Taa ikawa nyekundu. Nyekundu iliyoiva kabisa, kama kahawa ya kuchuma.

Yule dada hakuruka wala hakupiga kelele. Alichukua kitambaa kingine, akarudia. Nyekundu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshika kitu chochote siku hizi mbili. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilicheka, nikasema, "Madam, hata mimi ni mtu wa usalama, hizi mashine huwa zinadanganya."

Alinitazama vizuri. "Zako hudanganya?"

Niliikumbuka ile fimbo yangu isiyo na betri. Mara wakaja wanaume wawili, mmoja wa polisi, na begi langu likabebwa kwa mikono yenye glavu kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Nikaambiwa nikae kwenye benchi.

Kwenye benchi

Yule mama alikuwa hapo tayari, akingoja vitambulisho vyake virudishwe. Nilikaa, nikasimama, nikaangalia saa ya ukutani, nikakaa. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini na tano.

"Mzee," alisema bila kugeuka, "usisimame simame. Ukisimama wanaona unataka kukimbia."

"Mimi sina kosa, mama."

"Ee. Sema hivyo pia uone." Alisogeza fimbo ili nipate nafasi. "Wakiuliza moja, jibu moja. Usiongeze hadithi. Usicheke. Na usikasirike, hiyo utafanya nyumbani."

"Umejuaje haya yote?"

"Hii benchi naijua tangu ikiwa ya mbao. Leo angalau nimepata mtu wa kuongea naye."

Alisema anaitwa Mama Habiba, anauza nguo Wajir, na huja Nairobi kuchukua mzigo. Nilimwambia habari ya Nyambura na shingo yake, na ile siku ya mlangoni. Sijui kwa nini. Pale ndani kila kitu kilikuwa cheupe na sauti za matangazo zilitoka juu kama za malaika asiyejali, na mtu akikaa hivyo hana usingizi, mdomo unajifungua. Nilimwambia hata ya supamaketi, na mikoba ya akina mama wa buibui.

Alifikiri.

"Ulipata nini ndani ya hiyo mikoba?"

"Sijawahi kupata kitu."

"Na mimi sijawahi kupatikana na kitu." Alijifunga mtandio vizuri. "Sasa angalia sisi wawili. Taa yangu kijani."

Aliongeza kwamba hachukii mashine. Mdogo wake aliuawa na wale wanaolipua wenzao, sokoni, akinunua maziwa. Mashine ingekuwepo siku ile, alisema, angeibusu. Anachochoka nacho ni macho ya watu. Nilitaka kumwomba msamaha yeye pia, nikaona nitakuwa nauweka mzigo wa moyo wangu mahali pasipo pake. Sijui kama nilifanya sawa.

Yule polisi alikuja na daftari. Alikuwa mkali lakini hakunitusi, na hilo naliandika kwa sababu mmeanza kumtukana kwa niaba yangu. Alitaka mtu wa serikali wa kwetu anayenijua. Nikampa namba ya chifu msaidizi. Aliweka simu ipaze sauti ili nami nisikie.

Chifu wetu alikuwa juu ya pikipiki, upepo unavuma. Polisi akauliza kama ananijua.

"Namjua sana huyo."

"Ana tabia gani?"

"Ni mtu mzuri. Lakini hiyo safari ya kaskazini nilimwonya. Nilimwambia, mzee, hilo jambo uliloanza utalijutia."

Polisi akaacha kuandika. "Jambo gani?"

"Aah, ni ya familia, mambo ya ndani. Kwani ameshikwa?"

Kisha mtandao ukakatika. Hapo ndipo habari zenu zilipozaliwa, nami simlaumu chifu. Alisema ukweli mtupu. Aliposema safari, alimaanisha ile ya Nyambura, na aliposema jambo, alimaanisha ugomvi wangu naye, ambao alijaribu kuusuluhisha nikamkatalia. Ni kwamba ukweli ule, ukisikika kutoka kwenye benchi ile, ulikuwa na sura nyingine. Polisi alinitazama muda mrefu. Nilikumbuka mama yule alivyonifundisha, nikanyamaza, na nadhani ni kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya mwaka huu.

Dakika ishirini. Dada wa shirika la ndege alikuja kuita abiria wa Wajir. Mama Habiba alikuwa amesharudishiwa vitambulisho vyake. Hakuinuka.

"Mama, tunafunga."

"Mguu unauma," alisema. "Namngoja huyu anishike mkono."

"Huyu anaweza kuchelewa."

"Basi nitainuka polepole."

Ndipo akaja afisa mmoja mwenye mvi, mkubwa wao. Hakuniuliza kitu. Alilifungua begi langu juu ya meza, akaondoa nduma na sweta, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole cha glavu kwenye mshono wa chini. Kidole kilitoka na punje nyeupe tatu au nne.

"Mzee, jana ulikuwa wapi?"

"Shambani."

"Ukifanya nini?"

"Nikiweka CAN kwa mahindi."

"Kwa mkono?"

"Kwa kifuniko cha soda."

"Na hili begi?"

"Lilibeba CAN mwaka jana. Gunia lilipasuka."

Alitikisa kichwa taratibu, lakini si kwa dharau. Akamgeukia yule polisi. "Hata nyumbani kwetu Kieni tunatumia kifuniko." Kisha akanieleza, na hii naomba muisikie nyote, kwa sababu nyumba zetu zote zina hilo gunia. Ndani ya mbolea ile kuna kitu ambacho watu wabaya hukitafuta, ndiyo maana mashine imefundishwa kukinusa. Mashine haikudanganya. Ilisema mikono yangu imeshika kile kitu, na ni kweli ilikuwa imekishika. Kwa nini nilikishika, hilo lilibaki kazi ya watu kuuliza.

Nikamuuliza kama naweza kwenda.

Alitazama mikono yangu kwanza. Nilikuwa nimeona yule polisi bado ana daftari mkononi. Walinipeleka bombani nikanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, mara tatu, wakanipangusa tena. Kijani. Viatu, kijani. Koti, nyekundu. Polisi akarudia kumpigia chifu, na sasa chifu alikuwa ameegesha pikipiki, akaeleza ugomvi wangu na binti yangu wote, kuanzia mwanzo, mbele ya watu sita. Niliangalia sakafu. Yule mtu wa chini aliniangalia.

"Begi na koti vitabaki," alisema mwenye mvi. "Na vilivyokuwa ndani. Wewe nenda."

Mama Habiba aliinuka bila taabu yoyote. Nilimshika mkono hata hivyo.

Juu

Nilipanda ndege nikiwa na shati, simu na kitambulisho. Ilikuwa baridi, meno yakaanza kugongana. Mama Habiba alivuta mtandio mwingine kwenye mkoba wake, wa zambarau wenye maua, akanitupia mabegani. Abiria wawili walitazama. Alisema nimependeza, kisha akalala.

Sijui niwaelezeje juu. Kwanza kelele, halafu kama mtu amekufunika masikio kwa viganja. Mawingu yalikuwa chini, mimi nimezoea yakiwa juu, na kwa muda nilifikiri kwamba tumepinduka na hakuna anayetaka kusema. Kisha upande wa kushoto yakafunguka na mlima ukawa hapo. Si ule wetu wa kuchungulia asubuhi na kujificha. Wote mzima, mweusi, na barafu kidogo kwenye mikunjo, umekaa kimya kama mtu anayefikiria jambo la zamani. Chini yake niliona mashamba madogo madogo ya kijani, mabati yakimetameta, na barabara nyembamba. Nadhani ilikuwa Kerugoya. Huenda haikuwa. Lakini nilifikiri, mahali fulani pale chini mama mkwe amekaa amefumba macho, na jana nilikuwa pale, na watu wote ninaowaogopa na wote ninaowapenda wanaweza kufunikwa na kiganja kimoja nikikiweka kwenye kioo.

Nilikiweka. Kilinuka sabuni ya uwanja wa ndege.

Baadaye kijani kikaisha. Ardhi ikawa ya rangi ya ngozi ya simba, bila mwisho, na usingizi ulionikosa usiku kucha ukanipata. Niliota natembea mahindini, na kila shina lilikuwa mtu akingoja nimkague.

Wajir

Joto lilinipokea kama pumzi ya tanuri. Mama Habiba alichukuliwa na wanawe, na nilipomrudishia mtandio alikataa, akasema nitauhitaji kwa vumbi. Alinionyesha njia ya hospitali, akaniambia, "Na hilo neno, lifupishe. Nyinyi watu wa milimani mnazunguka sana."

Nyambura alikuwa amekaa kwenye kitanda karibu na dirisha, amevaa gauni la wagonjwa, anamfokea nesi mwenzake kuhusu karatasi fulani. Ni mimi niliyemwona kwanza. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri. Aligeuka akanikuta nimesimama mikono mitupu, na maua ya zambarau mabegani.

"Baba. Begi liko wapi?"

"Limebaki."

"Umekuja bila kitu?"

"Bila kitu."

Alinionyesha kiti. Nilikuwa na maneno mengi, niliyoyasemesha mahindi, mazuri kabisa, yenye mwanzo na mwisho. Yote yalikuwa yamebaki mahali fulani pamoja na nduma. Nikakaa. Nikamwambia, "Siku ile niliyosema mimi si babako, nilikosea. Niliogopa, nikaiita hofu yangu amri. Nisamehe."

Alinyoosha gauni magotini. Nje mtu alikuwa anateka maji, ndoo ikigonga ukingo wa kisima. Aliangalia dirishani muda mrefu, hata nikaanza kujiuliza kama ningepaswa kulisema kwa namna nyingine, au kama nilikuwa nimelisema kwa ajili yangu na si kwa ajili yake. Huenda ni yote mawili. Kisha akaweka mkono kooni, juu ya ule uvimbe, na akaongea kwa sauti yake ile ya zamani, nzima.

"Sema tena."

"Unataka nirudie?"

"Kesho watanilaza usingizi wa dawa mapema. Nataka niende na maneno hayo ndani. Sema tena, baba, polepole."

Nikasema tena.